Namna ya Kumlea Bingwa wa Biyari Gisenyi bila Kutoa Faranga

Kwanza mpate mtoto. Mchague mwenye miaka kumi au kumi na miwili, umri ambao jicho na mkono vinaelewana bila mkalimani. Kisha hakikisha ametimiza miaka 18, kwa sababu sheria ya Rwanda inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya hapo, na meza ya biyari mjini hapa, uitafute Mbugangari au uteremke hadi Rubona, utaikuta imesimama karibu na makreti ya bia. Ukiona masharti haya mawili yanagombana, usihangaike kuyapatanisha. Waliokutangulia wameyaacha hivyo hivyo na mambo yanakwenda.

Atatokea mjuaji akutajie Efren Reyes wa Ufilipino. Ni kweli, alizaliwa mwaka 1954, akakulia kwenye ukumbi wa biyari wa jamaa yake jijini Manila, usiku akilala juu ya meza na mchana akipanda juu ya makreti ya soda ili aifikie. Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia wa mchezo wa mipira tisa kule Cardiff. Mjibu mjuaji huyo kwamba ule ulikuwa ukumbi wa biyari, watu wakienda kucheza biyari. Kwetu kilichozoeleka ni baa iliyonunua meza. Hapo meza ni chambo, na samaki anayesubiriwa ni mteja wa chupa ya tatu.

Sasa mkabidhi kwa mwalimu wake, yaani meza yenyewe. Unatumbukiza sarafu au jetoni, unasukuma mkono wa chuma, na mipira 15 inaporomoka kwa kishindo: saba myekundu, saba ya njano na mmoja mweusi. Mpira ukishaingia shimoni umekwenda, hautoki mpaka ulipie mchezo mwingine. Ni mweupe peke yake unaorudi, na kwenye meza nyingi za aina hii hutambuliwa kwa udogo wake: mipira ya rangi ina kipenyo cha milimita 50.8, mweupe una 47.6, basi njia ya ndani inauchuja na kuutema pembeni. Mtoto atauzoea huo mweupe mwepesi, unaorudi nyuma kwa kuguswa kidogo tu chini ya kitovu. Siku atakapokutana na meza kubwa ya Kimarekani, ambako mipira yote ina milimita 57 na mweupe hauna upendeleo, ataupiga vilevile na utabaki unamtazama. Hapo mwambie ni woga wa mashindano.

Ugumu wa mwalimu huyu ni kwamba hapendi kurudia somo. Mtu anayetaka kujua kuusimamisha mweupe palepale ulipogonga anahitaji kuweka mpira uleule mahali palepale na kuupiga mara mia, kesho tena mara mia. Meza ya sarafu itaumeza mara ya kwanza tu. Vijana wamepata dawa: wanaziba mashimo sita kwa matambara, mpira unaingia nusu na kukwama mdomoni, wanauokota na kurudia. Dawa hii inafanya kazi vizuri mpaka mwenye baa atoke jikoni.

"Patro, niachie nusu saa tu, hakuna mtu."

"Umeagiza nini?"

"Fanta."

"Si ile ya jana?"

Hapo mazoezi yamekwisha. Kumbuka lakini kumshukuru patro, maana katika mji mzima wenye baa kama yeye ndio pekee waliowahi kutumia pesa yao kununua meza. Mimi simlaumu. Hakufungua shule, alifungua baa, na leseni yake inasema hivyo.

Kuhusu ratiba, mwongozo huu unashauri alfajiri. Usiku haufai, kwa kuwa ni usiku na ni baa, na tangu Septemba 2023 serikali imeagiza starehe zifungwe saa saba za usiku, saa nane mwisho wa wiki. Saa hizo mchezaji mzuri kwa kawaida ndiyo kwanza anapata moto. Mchana haufai zaidi. Kijana anayeonekana na fimbo saa nne asubuhi huhesabiwa mzururaji kabla hajapiga mpira wa kwanza, na fikra hiyo haina mpaka: kwa jirani zetu Tanzania, mwaka 2016, Rais Magufuli aliwasema hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi wakati wenzao wako kazini. Mwogeleaji akiingia ziwani saa nne asubuhi yuko mazoezini. Mpanda baiskeli akipanda mlima saa nne asubuhi ni fahari ya taifa. Inabaki alfajiri, ambapo baa imefungwa, na kwa hiyo hakuna atakayelalamika. Tulishafanya jaribio kubwa la ratiba ya namna hii: baa za Rwanda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, zikaanza kufunguliwa tena Septemba 2021. Mwaka mmoja na nusu bila mzururaji hata mmoja mezani.

Tuje kwenye fedha, maana wengi husema mchezo huu hauna mfuko wa kusaidia vijana. Wanakosea. Mfuko upo, na una kanuni iliyo wazi kuliko za wizara nyingi: mshindi abaki, aliyeshindwa alipe. Tazama unavyofanya kazi. Fundi wa mtaa, mwenye miaka 35 na tumbo lake, anaingia saa moja jioni na sarafu moja. Anashinda. Anayefuata anatia sarafu, anashindwa, anakaa. Mwingine vivyo hivyo. Hadi saa tano fundi amecheza bure jioni nzima, amepiga mamia ya mipira, amezidi kuwa fundi. Mtoto wetu ameandika jina lake ubaoni kwa chaki, amengoja foleni ya watu wanane, akapata zamu, akapiga mipira mitatu, akaukosa wa nne, akalipa na kurudi mwisho wa mstari. Kwa maneno mengine, asiyejua anamsomesha anayejua. Sijaona mfuko wa elimu unaofuata kanuni yake kwa uaminifu kama huu.

Sheria za mchezo usimfundishe, atachanganyikiwa. Katika kanuni za kimataifa za blackball, mpinzani akifanya kosa unapata pigo moja huru, kisha zamu yako inaendelea. Katika mchezo wa kimataifa wa mipira minane unauchukua mweupe mkononi na kuuweka popote unapotaka. Katika baa ya kwanza ukitoka sokoni unapewa mapigo mawili, ila siyo kwenye mweusi; katika ya pili mweusi lazima uutajie shimo; katika ya tatu inategemea nani yuko mezani. Mtoto akijua sheria zote za mtaa atakuwa mwanasheria mzuri, nayo ni kazi.

Vifaa ni suala la dakika mbili. Fimbo ya baa ipime kwa kuiviringisha juu ya meza. Ikirukaruka imepinda, na zote zitarukaruka, chagua inayoruka kidogo. Ncha ya ngozi ikishakwisha, chaki haisaidii kitu. Na meza yenyewe huenda mguu mmoja umetegewa kipande cha kadibodi. Huo ni utaalamu wa mahali. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara hapa wilayani Rubavu, na mji ambao sakafu zake zimepitia hayo una haki ya meza inayoegemea upande wa ziwa. Mchezaji wa hapa hujifunza kulenga kushoto kidogo. Mchezaji wa Kigali atakuja, alenge sawasawa, akose. Hiyo ndiyo faida ya uwanja wa nyumbani.

Wapinzani wa kumkomaza wako Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, dakika chache kwa miguu. Mji ule ni mkubwa mara kadhaa, na kabla ya Korona mpaka mdogo, Petite Barrière, ulikuwa unavukwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku. Mpangie basi mtoto mechi za ng'ambo, lakini zianze na kumalizika mapema, maana mpaka haumsubiri mtu amalizie mweusi wake. Angalia pia kama wiki hiyo kuna vita. Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, makombora yalidondoka hata upande huu na kuua watu. Usipopata mechi ya ng'ambo, mwambie acheze na fundi mwenye tumbo.

Sasa mdhamini. Hapa Gisenyi ina bahati ambayo mji mwingine hauna: kampuni ya bia ya Bralirwa ilianza hapa hapa mwaka 1957, na bia imeusaidia sana mchezo wetu Afrika Mashariki. Uganda, mashindano ya taifa ya pool yamebeba jina la Nile Special. Tanzania, Safari Lager ilidhamini mashindano ya pool ya taifa, na haikuishia hapo, ikaanzisha ya vyuo vikuu. Sijui nani mwingine aliyejitolea kuwafuata wanafunzi chuoni kwa upendo huo. Kwa upande wake Bralirwa iliwaona wanamuziki: shindano lake la Primus Guma Guma Super Star lilianza 2011 kwa ushindi wa Tom Close na kumalizika 2018 kwa ule wa Bruce Melodie. Kwa hiyo njia nyepesi ni kumfundisha mtoto kuimba.

Ukishikilia biyari, andika barua. Eleza kwamba una mchezaji mwenye kipaji, umri miaka 14. Kampuni ya bia haiwezi kumdhamini mtoto wa miaka 14, na ni vema isiweze. Andika tena, sema ana 18. Watajibu kwamba wako tayari kutoa fulana na miavuli. Ipokee miavuli, mvua ya Rubavu haina mzaha. Ukitaka kujaribu serikali, kuna mpango wa Isonga unaolea vipaji mashuleni katika michezo sita: soka, kikapu, wavu, mpira wa mikono, riadha na baiskeli. Muulize mtoto kama anaweza kuuingiza mweusi akiwa juu ya baiskeli. Au mpeleke kwenye wavu wa ufukweni. Mwaka 2019 msururu wa dunia wa mashindano ya mchezo huo ulipiga kambi hapa Rubavu, mchanga ukapangwa, viti vikapangwa. Olimpiki pia usiikatie tamaa. Biyari iliomba kuingia Paris 2024, na waandaaji, baada ya kutafakari, wakachagua breki dansi.

Kama hata hivyo moyo wako unakusuta kwamba taifa halijamfanyia kitu, mtazame alivyovaa. Huenda ana jezi ya Arsenal, na mkononi imeandikwa Visit Rwanda, udhamini wa taifa uliotangazwa mwaka 2018. Mhesabie na huo.

Anabaki mfadhili wa kweli, yule bwana wa kona anayekuja na bahasha. Huyu haandikiwi barua. Anamtazama mtoto wiki mbili bila kusema neno, kisha anamwekea dau. Mkataba wake ni wa mdomo na hauna vipengele vingi: mtoto akishinda, bwana anachukua na kumpa cha soda, akishindwa, deni ni la mtoto. Kadiri deni linavyokua ndivyo anavyolazimika kucheza, na kadiri anavyocheza ndivyo anavyopata mazoezi, kwa hiyo huwezi kusema mfumo haumjengi. Asipoelewa kwa nini hajalipwa, msimulie tena habari za Reyes, safari hii ya mwaka 2006: alishinda Reno, Marekani, mashindano yaliyotangaziwa zawadi ya dola 500,000, na waandaaji wakaishiwa fedha kabla ya kumkamilishia. Kwa hiyo mtoto wa Gisenyi anadai kama bingwa wa dunia.

Tahadhari moja kabla hujaanza. Mara kwa mara hutokea mtu wa fujo, aghalabu mwalimu wa shule au mama mwenye duka, anayeuliza kwa nini meza mbili zisizo na tundu la sarafu haziwezi kuwekwa kwenye kituo cha vijana, zifunguliwe kuanzia mwisho wa masomo hadi saa kumi na mbili jioni. Ataongeza kwamba fundi mwenye tumbo alipwe kidogo afundishe Jumamosi, kwamba fimbo nne zilizonyooka si gharama ya kuitisha mkutano, na kwamba nauli ya basi kwenda kushindana Kampala mara moja kwa mwaka inaweza kuchangwa kama inavyochangwa ya harusi. Mtu huyu ana hesabu zake kwenye daftari na hesabu hizo, kwa bahati mbaya, ni ndogo. Usibishane naye juu ya hesabu. Muulize tu kwa upole: watoto wote wakishajua kucheza, usiku baani atakayeshindwa na kulipia meza atakuwa nani?