Kiduha cha Wazungu

Leeds, Septemba

Mjomba wangu wa Magu, 

Nina jirani, mzee mstaafu kama wewe, ila yeye amejitafutia mateso kwa hiari. Anataka bustani yake ijae deizi za porini: ua jeupe, kiini cha njano, likishaota halihitaji kupandwa upya, mzizi huchipua wenyewe kila mwaka. Nikamshauri atie samadi. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. Udongo ukinona, anasema, nyasi ndizo zinazofaidi na ua husongwa. Basi akakodi vijana wakakwangua udongo wote wa juu, ule mweusi ambao hapo Magu watu wangeshtakiana kwa ajili yake, akalipa ukatupwe mbali. Na alifurahi!

Nyasi zilizosalia amezitafutia adui. Kaa kwanza, mjomba. Amenunua mbegu za Rhinanthus minor, mmea unaochomeka mizizi yake kwenye mizizi ya nyasi na kuzifyonza. Ndiyo, ni ukoo mmoja na kiduha. Kile ulichotung'olesha kwenye mtama mpaka migongo ikagoma, ndugu yake huku anauzwa kwa gramu, na kapakiti kamoja kanazidi bei ya sato pale soko la Mwaloni. Ganda likikauka, mbegu hucheza ndani kama manyanga. Humwagwa majira haya, maana zisipopigwa na baridi haziamki.

Eneo lenyewe ni ngitili tu, malisho ya kutengwa. Halikanyagwi miezi yote ya kuchanua. Agosti linafyekwa mara moja, na majani huzolewa yasije yakaoza yakarutubisha udongo. Ng'ombe ndio hawapo. Nilipowaulizia, mke wake aliingia ndani.

Lakini usimcheke sana. Uingereza imepoteza kama asilimia 97 ya ngitili zake za maua tangu miaka ya 1930, zikilimwa na kumwagiwa mbolea. Hata Charles, kabla hajawa mfalme, alianzisha mpango wa kuzirudisha mwaka 2013.

Sasa kuna shida. Nilimweleza jirani kwamba kiduha chetu kina maua ya zambarau, mazuri tu ukiwa huna mtama. Macho yakamtoka. Anaomba mbegu kidogo, hata za kujaza kijiko. Nimemwambia mwenye kauli ni wewe. Jibu lako liandike kwa Kiswahili, mjomba. Ukitukana kwa Kisukuma atataka nimfasirie.

Mpwa wako