Sifuri ni Sawa na Ishirini

Waandishi wa vitabu vya hesabu hawajawahi kula kibandani Eldoret. Kwao, Juma hununua kalamu 2 na madaftari 3, Amina kalamu 4 na daftari 1, wote kwa bei ileile, bila kupatana na bila kujuana na mwenye duka. Kisha mtoto wa watu anaambiwa atafute x na y. Kumuuliza mwenye duka ni mwiko.

Mpwa wangu wa kike aliuliza. Tulikuwa kibandani karibu na steji, asubuhi ile ya baridi ya Eldoret ya kukumbatia kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, chapati ni ngapi?"

"Unataka ngapi?" Mama akajibu, akaendelea kugeuza.

Tulikuwa tumekula chapati 3 na chai 2; tukaambiwa mia na thelathini. Meza ya pili makanga wanne walimaliza chapati 6 na chai 4, wakalipa mia mbili na arobaini. Msichana akatoa kalamu. Chai x, chapati y. Akazidisha mlinganyo wetu kwa mbili, ikawa 260, akatoa 240 ya makanga. Chai zikafutika, chapati zikafutika, karatasini ikabaki 0 = 20.

Mwalimu angesema mistari hiyo ni sambamba, haikutani hata ukiichora ifike Turbo. Mama alisema, "Hao ni watu wangu." Na haya yanatokea Eldoret, mji uitwao pia Sisibo, jina lililotokana na shamba namba 64!

"Basi kuna z," mpwa wangu akasema. "Kujuana."

Nikamweleza kwamba Wachina wa enzi ya Han, takriban miaka 2,000 iliyopita, waliweza mafumbo ya namba tatu zisizojulikana. Katika kitabu cha Jiuzhang Suanshu, miganda 3 ya nafaka bora, 2 ya wastani na 1 hafifu hutoa dou 39, dou ikiwa kipimo cha ujazo kama gorogoro yetu. Walipanga vijiti vya kuhesabia safu kwa safu, wakaondoa daraja moja baada ya jingine mpaka likabaki moja. Ila kwa madaraja matatu walikuwa na milinganyo mitatu.

"Sisi tuna miwili, Mjomba."

"Eeh."

"Itabidi tule tena."

Akaagiza chapati 2 na chai 1, akageuza karatasi upande safi. Mama akauliza nani analipa. Msichana akaninyooshea kalamu.