Jajuok na Kamera ya Gizani

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme kwenye barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, useme unatafuta kamera ya nje inayoona gizani. Swali la kwanza ni kama umeshaibiwa. Ukijibu bado, muuzaji anakutazama kwa huruma ya daktari aliyeshika majibu ya vipimo.

Kwetu Dunga, kando ya ziwa hapo Kisumu, hakuna aliyekuwa ameibiwa. Tatizo letu lilikuwa jajuok. Kwa msomaji wa Tanga au Muscat, huyo ni mkimbiaji wa usiku: mtu mzima, mwenye heshima zake mchana, ambaye usiku husemekana huvua nguo, akazunguka nyumba za watu na kurusha mchanga juu ya mabati. Haibi hata yai. Mabati yetu yalikuwa yakilia usiku kucha, na shangazi yangu, aliyekuja kutujulia hali akasahau kurudi, tayari alikuwa na orodha ya washukiwa. Wengi wao ni wazee wa kanisa.

"Mwanangu, nunua hiyo mashine," akaniambia. "Tukimwona uso, ataacha."

Kwenye kisanduku kulikuwa na maandishi mawili makubwa: IP66, na mita 30 usiku. IP66 ni jambo la maana huku kwetu. Inamaanisha vumbi haliingii na maji ya kurushwa kwa nguvu hayapenyi, na mvua ya ziwani huja kwa kurushwa. Hizo mita 30 nazo si uongo, ila kinachofika huko ni mwanga. Sura hubaki njiani. Lenzi ya milimita 2.8 huona kiwanja chote, lakini mtu aliyesimama langoni hutoka hana pua. Ukitaka kujua ni nani, chukua ya milimita 6 uielekeze langoni tu, mengine uyaachie mbwa.

Halafu kuna taa zenyewe za kamera, zinazomulika kwa infraredi. Mwanga huo aliugundua William Herschel mwaka 1800, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, na joto likapanda. Vitaa vya nanomita 850 humulika mbali, ila ukivitazama usiku vina wekundu hafifu. Vya 940 havionekani kabisa, lakini havifiki mbali. Yetu ilikuwa ya 850. Usiku wa kwanza jirani alipiga simu, akanong'ona kama tuna habari kwamba kuna macho mekundu chini ya paa letu. Kulipokucha, mtaa ulishaamua: jajuok ni sisi.

Kisha mwezi ukaandama. Giza la mwezi mchanga ni msimu wa wavuvi wa omena, wanaowasha taa majini na samaki wakazifuata. Visubi wa ziwani nao huchagua siku hizo hizo kupanda kutoka majini, mawingu kwa mawingu. Wapo waliopata faida kwao: Profesa Monica Ayieko wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, kule Bondo, ametengeneza biskuti na soseji kwa kuwatumia. Sisi walitupa hasara. Fundi alikuwa ameifunga kamera chini ya upenu mweupe, jirani kabisa na taa ya veranda. Visubi wakaifuata taa ya veranda, infraredi ikawamulika wakiwa sentimita chache mbele ya lenzi, na ule upenu ukarudisha mwanga uliobaki. Nikifungua simu naona theluji. Kisumu, hatua chache kutoka Ikweta! Simu ikatangaza "mtu ameonekana" mfululizo mpaka shangazi akaifungia kabatini pamoja na leso zake.

Buibui ndiye aliyefahamu biashara. Alitanda utando mbele ya lenzi, akakaa kungoja chakula. Utando huo ukimulikwa hung'aa, na upepo wa ziwa ukiutikisa, huyo naye ni mtu ameonekana.

Usiku mmoja kweli alipita mtu, amevaa koti jeupe. Shangazi akapiga makofi: mzee wa kanisa! Kumbe ni soja wa jirani, na koti lake ni jeusi tititi. Nguo nyingi nyeusi za kiwandani hurudisha infraredi, zikatoka nyeupe kwenye picha. Polisi wakikuuliza mwizi alivaa rangi gani, jibu la haki ni kwamba alikuwa amevaa.

Hatimaye kamera ilihamishiwa kwenye nguzo, vitaa vyake vikazimwa, taa tofauti ya infraredi ikafungwa mita mbili pembeni, na ya veranda ikawa inazimwa saa tatu. Visubi wakaenda kwa jirani. Picha ikatulia, na mrusha mchanga akaonekana waziwazi: popo, wanaokula mapera juu ya paa na kudondosha mabaki.

Shangazi aliitazama video hiyo kwa makini. "Jajuok hujigeuza," akasema, na orodha yake haijapungua jina.

Nawe ukienda dukani, muulize muuzaji kama vitaa vya kamera vinaweza kuzimwa na ile taa ya pembeni ni bei gani. Akianza kukuhubiria megapikseli, vuka barabara uende duka la pili.