Jinsi ya Kuhesabu Bia Bila Kuidanganya Mizani

Jumamosi alfajiri mji wa Machakos ni wa wakimbiaji. Kuna wanaokwea kuelekea vilima vya Iveti, kuna wanaozunguka People's Park karibu na bwawa la Maruba, na saa za mkononi zinawahesabia hatua. Jioni ya siku hiyohiyo wengi wao wameketi mbele ya nusu kilo ya mbuzi na bia baridi, wakilalamika kwamba kilo zimekataa kutoka. Hao ndio ninaowaandikia, na wewe pia kama umo. Tafuta kalamu na karatasi. Chupa zako ziwe zote mezani.

Nasema zote kwa sababu wahudumu wa baa zetu wana desturi nzuri ya kuacha chupa tupu mezani hadi bili ilipwe, ubishi usitokee. Waache waifuate. Kuna mnywaji ambaye akifika ya tatu huomba meza ipanguswe, chupa ziende, na kuanzia hapo anajihesabia upya: "hii ni ya pili tu." Bili ikija anaapa kwamba amewekewa za jirani. Chupa iliyoondoka mezani haijaondoka tumboni, na kwa mtu anayetaka kupungua hilo ndilo somo la kwanza.

Sasa piga hesabu. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina 9. Pombe ina 7, kwa hiyo iko karibu zaidi na mafuta kuliko ugali. Kwenye chupa utasoma ujazo na asilimia ya pombe. Zidisha mililita kwa asilimia hiyo, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 5.5. Tusker ya mililita 500 yenye pombe asilimia 4.2 inakupa kalori 116 kutokana na pombe peke yake. Ongeza wanga uliobaki kutoka kwenye nafaka, ufike karibu 200. Bia nyeusi ya ujazo huohuo yenye asilimia 6.5 inakaribia 180 kabla hujagusa wanga wake. Bia zinazouzwa kama nyepesi zimepunguziwa wanga, lakini pombe iliyomo bado inahesabiwa, na anayekunywa mbili kwa kuwa ni nyepesi amerudi pale alipotoka.

Usikimbilie kwota ukidhani umekiacha kitambi kwenye kreti ya bia. Mililita 250 za pombe kali ya asilimia 40 ni kalori 550. Ukiichanganya na soda ya mililita 300 umeongeza zaidi ya 120 za sukari tupu.

Aliyetufunza mengi ya hesabu hii ni Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, karibu na wakati ule Waingereza walipohamisha makao yao kutoka Machakos kwenda Nairobi baada ya reli kutupita. Huko Connecticut alimfungia mtu ndani ya chumba kidogo kilichozibwa, akapima joto la mwili wake na hewa aliyopumua, akampa chakula, kisha pombe. Akaona kwamba mwili huichoma pombe kama kuni. Wapinga pombe walimkasirikia, na wauza pombe wakayashangilia matokeo yake kana kwamba yeye ni wakala wao. Lakini kilichothibitishwa ni kwamba pombe ina nguvu, na nguvu hiyo huingia kwenye hesabu yako upende usipende.

Na mwilini pombe hupewa upendeleo. Mwili hauna ghala la kuhifadhi pombe, basi huishughulikia kwanza, na uchomaji wa mafuta hupungua wakati huo. Mafuta ya mbuzi, ya chapati na ya chipsi yanangoja zamu, na yasiyopata zamu yanawekwa akiba. Ndiyo maana mtu anayeandika bia akasahau sahani hajaandika kitu. Pombe nayo huamsha hamu ya kula. Mutura unaopitishwa saa nne usiku huonekana mzuri kuliko ulivyokuwa saa kumi na mbili. Agiza chakula chako kabla ya bia ya kwanza, ukiwa bado na akili ya kuchagua kachumbari na mboga, na ukile. Usishinde na njaa mchana kutwa ili "uwekee bia nafasi". Tumbo tupu hupitisha pombe upesi kwenye damu, na anayetumia insulini au baadhi ya dawa za kisukari anaweza kuanguka kwa sukari kushuka.

Raundi ndizo zinazotumaliza. Mkiwa wanne na kila mmoja akatoa raundi yake, kila mtu amekunywa bia nne, yaani kalori 800, hata kama alifika akinuia moja. Halafu anatokea wa tano, rafiki wa zamani, ambaye hawezi kukaa bila kununua. Uungwana wa kurudisha mkono ni mzuri na sitaki uuache. Lipa raundi yako, kisha mwambie mhudumu akuletee maji. Wakikuuliza, jibu kwamba umetosheka. Atakayekutania kwa hilo amekutania, na kesho atakuwa ameshasahau.

Upande wa pili wa karatasi andika mazoezi, na hapa uwe bahili. Kukimbia kilomita moja humgharimu mtu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 80 anatumia kama 80. Bia moja ni kilomita mbili na nusu za kukimbia, na zile nne za raundi ni kilomita 10. Kutembea, ukitoa kalori ambazo ungetumia hata ukiwa umeketi, ni karibu nusu ya hapo, kwa hiyo bia hiyo moja inadai kama kilomita tano. Safari za kwenda msalani haziandikwi. Wala kusukuma gari la rafiki lililokataa kuwaka.

Saa yako nayo usiiamini sana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi. Vingi vilisoma mapigo ya moyo vizuri, lakini kwa kalori kile kilichokaribia ukweli zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Nenda Kituluni, nje kidogo ya mji wetu, uone wageni wakimwaga maji barabarani na kushangilia yakionekana kupanda mlima. Umbo la ardhi ndilo linaloyapumbaza macho. Mtu akikimbia kilomita nne, saa ikamwandikia kalori 600, naye anashangilia vivyo hivyo, kisha anazinywa zote 600 kabla ya magharibi.

Kuna jambo zito zaidi ya kosa la saa. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma. Wanaume wao walikuwa wakitembea takriban kilomita 11 kwa siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu waliyotumia kwa siku haikupita ile ya wakazi wa Marekani na Ulaya. Maelezo anayoyatetea Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Basi mbio zako za asubuhi si pesa za kununulia bia. Kimbia kwa ajili ya moyo, shinikizo la damu, sukari, usingizi na furaha ya kufika juu ya Iveti ukiwa na pumzi. Mazoezi yanayafanya hayo vizuri sana. Kupungua kunaanzia kwenye sahani na glasi, na mpenda bia akianza na glasi ataona tofauti mapema.

Tazama kwa mwaka. Bia nne Ijumaa na nne Jumamosi ni kalori 1,600 kwa wiki, zaidi ya 83,000 kwa mwaka. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban 7,700. Kwenye karatasi hizo ni kama kilo 10 na zaidi. Mwili haufuati karatasi kwa unyoofu huo, lakini mwelekeo ni huohuo. Ukipunguza nne zikawa mbili kila jioni, usiguse kitu kingine, umejipunguzia nusu ya mzigo bila kununua kiatu kipya. Na bia ya Jumapili asubuhi ya kutoa loki, yaani uchovu wa bia za jana, iandike pia; ni bia kama nyingine.

Kinywaji kisicho na lebo hakihesabiki. Pombe ya kienyeji kama kaluvu ya mzee unayemjua ina sukari na pombe ambazo hakuna aliyezipima, na kwa anayetaka kupungua hiyo yatosha kuwa sababu ya kujizuia. Pombe ya kificho ni hatari nyingine kabisa. Juni 2005, hapahapa Machakos, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 40, na wengine wakapofuka. Hapo suala la kalori halipo tena. Usiionje.

Mwisho, jaribu kupunguza kwa wiki mbili na ujitazame kwa uaminifu. Ukiweza, endelea na karatasi yako. Ukiona huwezi, au mikono inatetemeka na jasho linakutoka ukikosa pombe, weka kalamu chini na usiache ghafla peke yako, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kumdhuru vibaya aliyezoea kunywa sana. Nenda hospitali, au piga 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kupiga ni bure.