Kompyuta Yangu Imestaafishwa kwa Lazima

Kuna watu huko Marekani wameamua kwamba kompyuta ya duka langu la kuchapisha hapa Langoni, Lamu, imezeeka. Hawajaiona. Hawajui kwamba kila asubuhi naifuta chumvi ya bahari kwa kitambaa, wala kwamba ndiyo iliyochapa kadi za harusi za nusu ya mtaa na maombi ya basari ya watoto ambao leo ni walimu. Wao wametangaza tu: mwisho wa Windows 10 ni tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo jirani zetu Watanzania humkumbuka Mwalimu Nyerere. Mimi nikatakiwa nianze kuikumbuka mashine ambayo bado iko mezani inafanya kazi.

Kinachonikera zaidi ni ile ahadi. Mei 2015, mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisimama kwenye mkutano wao Chicago akasema Windows 10 ndiyo toleo la mwisho. La mwisho! Tukashusha pumzi. Oktoba 2021 ikatoka Windows 11, nayo ina masharti kama posa ya binti wa ukoo mkubwa: chipu ya usalama ya TPM 2.0, memori isiyopungua gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na prosesa, kama ni ya Intel, kwa kawaida iwe ya kizazi cha nane kwenda mbele. Yangu ni mtumba wa Uingereza. Ilishuka Mombasa, ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikamalizia safari mgongoni mwa punda. Prosesa yake ni ya kizazi cha sita. Ikarudishwa mlangoni.

“Mjomba, si ununue mpya tu?” akasema mpwa wangu. Anasoma Mombasa, na huko dawa ya kila kitu ni kununua. Nilipomuuliza kwa pesa za nani, akageuka: ipo njia ya kuilazimisha 11 iingie hata kwenye mashine isiyotakiwa. Hilo nalo nikalikataa. Microsoft wenyewe wanasema mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma haina uhakika wa kupata masasisho. Kuna pia muda wa nyongeza wa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, lakini mimi sitaki kusumbuliwa mara mbili kwa jambo moja.

Wazee wa barazani waliuliza swali la maana: kwani ikiachwa hivyo hivyo itazimika? Haizimiki. Ingewaka kesho yake kama kawaida. Ila kila tundu jipya la usalama litakalogunduliwa halitazibwa tena, na riziki yangu inatoka kwenye flashi za watu. Flashi hizo nazijua. Moja inatolewa mfukoni pamoja na mchanga na ganda la ubani, imepita kila saiba kuanzia Mpeketoni, na ukiichomeka folda zote zimegeuka vijia vya mkato vinavyokupeleka kwa virusi.

Nikaamua nihamie Ubuntu, mfumo wa bure alioanzisha Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, mwaka 2004. Toleo lake la muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili na hutunzwa kwa miaka 5. Nililolipenda zaidi ni woga wao. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024, lakini wenye 22.04 hawakuitwa kuhamia mpaka lilipotoka la 24.04.1 mwishoni mwa Agosti. Hata hapo, baada ya siku chache wakasitisha kwa muda, maana programu ya kuhamishia ilikutwa na hitilafu. Ikiwa wenyewe wanaliogopa toleo lao, mimi wa Langoni nina haraka ya wapi?

Mpwa alitaka tuanze Alhamisi usiku, tumalizie Ijumaa. Nikamwambia Ijumaa sigusi kitu. Tarehe 19 Julai 2024 ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Ndege zikalala viwanjani. Ijumaa ni ya kusali.

Kwanza nakala. Moja kwenye diski ya nje dukani, nyingine kabatini kwa dada yangu Mkomani, ili kikitokea kitu dukani kisizimalize zote. Mpwa alipomaliza kunakili akasema tayari. Nikamwambia hapana, fungua. Akaudhika, lakini akaichomeka diski kwenye kompyuta nyingine akafungua faili moja baada ya jingine. Folda ya vyeti ilikuwa na majina yote, na ndani hamna kitu. Waya wa diski ulikuwa umelegea. Bila kufungua, tungelijua hilo baada ya kuifuta mashine.

Tukanakili upya, kisha tukaiwasha Ubuntu kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski ya ndani. Skrini sawa, intaneti sawa, sauti sawa. Printa ikakohoa, ikatoa ukurasa mmoja wa alama za ajabu, ikanyamaza. Hapo nikasimamisha shughuli mpaka draiva ya printa ile ipatikane. Duka la kuchapisha lisilochapisha ni la nini?

Draiva ilipopatikana, ikabaki stima. Tuliachana na jenereta za dizeli tukaungwa kwenye gridi ya taifa, lakini stima bado ina mazoea ya kwenda matembezini bila kuaga, na kompyuta ya mezani haina betri. Nikaazima UPS ya jirani, tukaanza baada ya Magharibi. Kabla ya adhana ya Isha tumemaliza. “Umeona?” akasema mpwa. “Tungefanya siku ile ile.” Sikumjibu.

Kesho yake akaja mama mmoja kuchukua kadi za harusi. Ile fonti ya maua haikuwemo kwenye mfumo mpya, maandishi yakatanuka, na jina la bwana harusi likashuka ukurasa wa pili, peke yake. Mama akaitazama kadi, akanitazama mimi. “Huyu mbona mumemtenga?” Nikatafuta fonti nyingine, bwana harusi akarudi kwa mkewe.

Sasa duka liko wazi, na mashine waliyoizeesha inachapa. Wateja wangu nawaomba jambo moja: njooni na faili la PDF, herufi zisinihangaishe, na hizo flashi mzikung’ute mchanga kwanza.