Kuzunguka Mont Blanc, Kwenye Karatasi

Jumatatu
Nimetandaza ramani juu ya meza ya chakula. Mzunguko wa Mont Blanc ni kama kilomita 170: unaanzia bonde la Chamonix, unaingia Italia, unakatiza Uswisi, unarudi Ufaransa. Kilomita hizo hazikutoi Dar ukafika Morogoro. Ila jumla ya kupanda ni mita 10,000 hivi, na Kilimanjaro yote, kuanzia ufukweni, ni 5,895. Nimempigia Binamu aliyeko Moshi, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni mlimani na ndiye mwenzangu wa safari hii ya baiskeli. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kaka, sasa baiskeli ya nini?"
Chai imemwagikia Courmayeur. Nimeikausha kwa pasi. Upande wa Italia umekunjamana na milima imeongezeka.

Jumanne
Baada ya kijiji cha Les Contamines njia ya miguu inapanda kwenda Col du Bonhomme, mita 2,329. Ni mawe na ngazi za mawe, kwa hiyo baiskeli hupandishwa mgongoni. Njia nyingine ni kuzunguka kwa lami kupitia Beaufort na Cormet de Roselend, mita 1,968, halafu unashukia Les Chapieux ukiwa umekaa kwenye siti kama mtu mwenye akili zake. Nimeweka alama kwenye lami. Kilomita zimeongezeka.
Lakini Grand Col Ferret haina lami ya kuponea. Ukitoka kibanda cha Elena, mita 2,061, unasukuma hadi 2,537, ndipo unavuka kutoka Italia kuingia Uswisi. Kwa sababu hiyo jioni nimefanya mazoezi ya kubeba baiskeli kwenye ngazi za jengo letu hapa Geneva. Ghorofani nimekutana na jirani, mama mtu mzima mwenye mbwa. Akauliza kama lifti imeharibika. Nikamwambia nzima. Tukapishana. Mbwa amelamba cheni.

Jumatano
Tairi zisizo na tyubu hutiwa maji meupe mazito ya kuziba matundu, kisha hujazwa upepo kwa nguvu mpaka ukingo wa tairi ukae kwenye rimu. La mbele limekaa. La nyuma limekaa kidogo, likaghairi. Mke wangu aliitazama dari, akanitazama mimi, akaendelea kukata vitunguu.

Alhamisi
Leo nimetafuta mwezi.
Juni: theluji bado imelala kwenye mapito ya juu, na baiskeli kwenye theluji ni mzigo wenye magurudumu. Julai na Agosti: theluji imeondoka, watembea kwa miguu wamejaa, na katika bonde la Chamonix njia nyingi za mlimani hufungiwa baiskeli miezi hiyo. Mchana radi hupiga, kwa hiyo unatakiwa uwe umevuka pito kabla ya saa saba. Mwishoni mwa Agosti ni mbio za UTMB, ambazo tangu 2003 hufuata karibu mzunguko huuhuu, tena wenzetu wanaumaliza kwa kukimbia, wa mbele chini ya saa ishirini na nne. Septemba: watu wamepungua, njia zimefunguliwa, siku zinafupika, na vibanda vya kulala vinaanza kufungwa kimoja kimoja.
Nimechagua Septemba, wiki ya pili. Nikapiga simu kibanda cha upande wa Italia. Kitanda kipo kimoja. Nikauliza usiku unaofuata. Kipo kingine, kimoja.

Ijumaa
Mama amesikia habari kutoka kwa Binamu. Ametuma ujumbe wa sauti kutoka Marangu, mrefu, kuku wakisikika nyuma. "Mwanangu, mlima tumekuwekea hapa nyuma ya nyumba, tena mrefu kuliko huo. Wa watu unautakia nini?" Kisha akaeleza msiba wa jirani, bei ya ndizi, na mwisho akauliza kama nimekula.
Kuhusu urefu hakukosea. Mont Blanc ina mita 4,800 na ushei. Ushei wenyewe hubadilika, kwa sababu kilele ni barafu.

Jumamosi
Kujipima kwenye Salève, mlima wa Ufaransa unaoonekana kutoka dirisha letu. Mzee mwenye fimbo mbili amenikuta nasukuma, akanisalimu, akapita. Baadaye amenikuta tena, yeye akishuka. Hakuniamkia mara ya pili.
Wakati wa kushuka breki ya nyuma imepata moto na kuanza kulia. Kundi la ng'ombe wenye kengele waligeuka wote kwa pamoja.

Jumatatu
Binamu ameenda kuomba viza. Moja ya Schengen inatosha nchi zote tatu, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Kwa kuwa siku nyingi zaidi atalala kwangu, maombi yanakwenda Uswisi. Dirishani aliulizwa madhumuni ya safari. Akajibu, kutazama milima. Afisa akasoma anwani: Moshi. Akaisoma tena.

Alhamisi
Viza imetoka. Inaanza siku mbili baada ya siku tuliyopanga kuondoka Chamonix.
Vitanda vya Italia havisogezwi. Mzunguko ni mzunguko, unaanzia popote, kwa hiyo sasa tutaanzia Courmayeur. Tutafika kwa basi kupitia handaki la chini ya Mont Blanc, kilomita 11.6, ambamo kuendesha baiskeli ni marufuku. Les Contamines, Roselend na pito la Col de la Seigne zimehamia mwishoni, miguu ikiwa imeshachoka.
Binamu ameuliza kama kwa mpango huu mpya kupanda kumepungua. Nimejumlisha upya, kila pito. Ni ileile, mita 10,000, na lami ya Roselend juu yake.