Jinsi ya Kumjua Aliyeitengeneza Chipu

Kwanza vaa miwani. Chipu kuukuu za baipola, zile za miaka ya 1960 na 1970, zimeandikwa kwa herufi ndogo kama za masharti ya mkopo. Ukiona SN, kwa kawaida ni Texas Instruments. DM ni National Semiconductor. MC ni Motorola. Namba usiziparamie. 7404 huenda ni jina la chipu yenye vigeuzi sita, na huenda ni tarehe: mwaka 1974, wiki ya nne. Ukizikuta 7404 mbili kwenye mgongo mmoja, siku yako imenyooka.

Usimpe tuzo mwenye nembo mapema hivyo. Wanunuzi wakubwa hawakukubali kutegemea kiwanda kimoja, kwa hiyo mchoro wa kampuni moja ulitengenezwa na wapinzani wake. Chipu ya Am2901, ambayo AMD waliitoa mwaka 1975, ilitoka pia kwa Motorola na National.

Akitokea mtu akakwambia kompyuta ya Apollo ni kazi ya Fairchild, mwambie asubiri kidogo. Fairchild ndio waliofungua njia kwa saketi zao za Micrologic. Lakini kompyuta zilizofika mwezini, kila moja ikiwa na chipu zipatazo 2,800, nyingi zikiwa za aina moja, zilitegemea hasa chipu za Philco, na kompyuta yenyewe iliundwa na Raytheon kwa mchoro wa MIT. Hapo tayari una majina manne, na hujagusa bado watu wenyewe.

Sasa igeuze chipu, usome tumboni. Malaysia? Singapore? El Salvador? Silikoni ilichorwa kwingine, ikasafirishwa ili mikono ya watu iiunganishe na miguu yake. Hapa nakusihi usiharakishe. Kuanzia 1965 hadi 1975 Fairchild walikuwa na kiwanda Shiprock, New Mexico, katika ardhi ya Wanavajo, na kwa wakati mmoja wafanyakazi walizidi 1,000, wengi wao wanawake. Waliinamia hadubini kutwa, wakishika nyaya nyembamba kuliko unywele, na mkono ukitetemeka kidogo kazi imeharibika. Hakuna nembo iliyowataja.

Mwisho, andika kibandiko cha makumbusho: mbunifu, mchoraji wa silikoni, muunganishaji. Nafasi ikikosekana, punguza nembo.